Kifaru Juu ya Meza ya Kukatia

Tarehe 4 Februari

Komando, mdogo wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua hukumbuki. Nakuandikia barua kwa sababu mbili. Kwanza, nina michoro ya kukuonyesha. Pili, kwenye simu ukiulizwa jambo usilolitaka, mtandao wa huko kwako unakatika ghafla. Karatasi haikatiki.

Habari yenyewe ni hii: najenga kifaru. Haya, cheka umalize. Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka Baba kliniki, tukapita kwenye duka la vitu vya kuchezea. Baba akasimama dirishani, akagoma. Nikamvuta mkono, wapi! Ndani kulikuwa na boksi lenye picha ya kifaru cha vita, vile vya kuunganisha vipande vya plastiki kwa gundi, kikiisha urefu wake unazidi kiganja kidogo tu. Baba akagonga kioo kwa fimbo: "Hicho ndicho alichokuwa anaendesha mwanangu." Akamwambia mwenye duka, akamwambia mlinzi wa mlangoni, akamwambia na mama mmoja aliyekuwa anajipitia zake na mkate. Ningefanya nini? Tulifika kliniki tumechelewa, boksi nimelikumbatia.

Daktari anasema moyo wa Baba umechoka. Hakusema zaidi, nami sikumchimba. Miguu haimtii tena, lakini akishika kile kioo chake cha kukuzia, jicho ni lilelile. Bado anakagua kila ninachoshona kwa mkono. Juzi kafumua pindo zima la sketi ya mteja kwa sababu sikufuata mtindo wake: mishono saba mbele, mmoja nyuma, saba mbele, mmoja nyuma. Nikamuuliza, "Baba, nani atauona huo mmoja wa nyuma?" Akanijibu, "Mimi." Basi nikakaa nikashona upya.

Sasa ana ombi moja. Kifaru kikiisha, uje nyumbani, umwonyeshe kwa kidole mahali ulipokuwa unakaa miaka yote ile. Hilo tu. Ile picha yako umetoa kichwa juu ya kifaru bado iko ukutani dukani kwetu, karibu na kioo cha kujipimia, na kila mteja lazima ahubiriwe. Miaka kumi na moja hujakanyaga hapa tangu tulipomzika Mama, na siku ile ulikaa saa nne tu, nilihesabu. Najua ulivyoondoka ujanani. Nilikuwepo. Una miaka kumi na tisa, duka limejaa watu, ukatupa mkasi mezani ukasema sindano ni kazi ya watu wasioweza kitu kingine. Baba hajalirudia neno lile hata siku moja. Anachosema ni "mwanangu dereva wa kifaru". Sasa mtu wa miaka themanini na sita anakuita, nawe unajua maana yake.

Nisaidie lakini, nimeharibu kidogo. Wewe unajua sisi mafundi: unatandaza kitambaa, unakata vipande vyote, ndipo unakaa kushona. Nikachukua mkasi nikavikata vipande vyote kutoka kwenye fremu zake, mia mbili na kumi na vinne, nikavitia kwenye bakuli. Safi kabisa. Kisha nikafungua karatasi ya maelekezo. Kumbe namba za vipande zilikuwa zimeandikwa kwenye fremu! Na fremu zilishaenda na gari la taka asubuhi ile.

Sijakata tamaa. Nimeshona suti za harusi bila vipimo, nitashindwa na plastiki? Nimekuchorea vipande kumi na viwili kwa ukubwa wake, kila kimoja na namba. Niandikie kila kimoja ni nini, wewe si ndiye mwenyewe.

Dada yako,
Fundi

*

Tarehe 13 Februari

Shikamoo Dada,

Umenivunja mbavu. Nimesoma barua yako mbele ya vijana wa gereji, wakaniuliza nani kafa, kumbe nalia kwa kucheka. Mia mbili na kumi na vinne kwenye bakuli! Ungevitia na maji basi, uviweke jikoni.

Usiwe na wasiwasi, umefika kwa mwenyewe. Namba moja ni gurudumu, hilo hata wewe unaliona. Namba tatu, hicho cha mviringo chenye mkono katikati, ni usukani. Kiunganishe mapema, maana bila usukani kifaru kinakwenda wapi? Namba tano ni breki. Namba saba, hilo kopo refu, ni tangi la mafuta, na nane ni redio. Namba tisa ni kiti cha dereva. Kiti kinakaa juu, ndani ya mnara, pale unapotoka mtutu. Dereva anatoa kichwa nje ili aone njia, kama nilivyo kwenye picha. Vingine ni vitu vidogovidogo, bandika popote pana nafasi, hakuna atakayejua.

Ee Dada, siku zile! Ukikiwasha, ardhi yote inatetemeka, chai inamwagika kambi nzima. Nilikuwa nakipitisha kwenye uchochoro kikapita bila kugusa ukuta. Mwambie Baba hivyo.

Kuja ninataka sana. Ila kuna malori manne hapa yananisubiri, na wenyewe hawataki mkono wa mtu mwingine. Kikiisha nitakuja. Pengine Aprili. Au Mei, mvua zikipungua. Msalimie Mzee, mwambie ajikaze.

Wako,
Komando

*

Tarehe 22 Februari

Komando,

Marahaba. Mkono wangu umeingia. Siku ya kwanza nilijigundisha kidole gumba na kidole cha shahada, mteja akaja nikampima kiuno kwa mkono mmoja. Siku ya pili nikaacha kubanabana vipande kama watu wa haraka. Unaweka tone kwa ncha ya sindano, unashika, unahesabu hadi thelathini, unaachia. Ni kushikiza tu kama tunavyoshikiza kola kabla ya kuipeleka kwenye cherehani. Mnyororo nao niliuogopa bure. Ni zipu! Unaizungusha kwenye magurudumu, meno yanaingia kwenye meno. Magurudumu ni kumi na mawili na yote yanagusa meza. Nimejaribu kupitisha karatasi chini yake, haipiti hata kwenye moja.

Nimevigawa vipande vyote kwenye vifuniko vya makopo, kwa sura: vya kola, vya mfuko, vya vifungo. Halafu nikakaa na karatasi ya maelekezo, nikapima kila picha kwa futi. Siku nne. Kila kipande sasa nakijua kwa jina langu na kwa namba yao.

Ndipo nikajua kwamba usukani wako si usukani. Ni kifuniko cha tundu la juu ya mnara. Nilikuwa nimeshakibandika ndani kwa ushauri wako, nikakibandua kwa wembe, nusura nikivunje. Kifaru hiki hakina usukani wowote, Komando. Kina vijiti viwili, kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia. Redio yako ni sanduku la zana. Na dereva hakai juu. Anakaa chini, mbele, tumboni kabisa, amejikunja, ana kitundu kidogo cha kuchungulia. Anayetoa kichwa juu ya mnara ni mtu mwingine.

Sikumwambia Baba. Yeye kutwa ananiuliza, "Usukani umeshauweka?" Namjibu, "Bado, Baba, gundi haijakauka." Gundi gani hiyo isiyokauka wiki nzima?

Mdogo wangu, nimekulea mgongoni, nakujua nje ndani. Mtu akae kwenye kiti miaka ishirini na miwili, asijue kiti kiko wapi? Sikusingizii kitu. Nauliza tu, tena nauliza kwa karatasi, ili usikate.

Dada yako,
Fundi

*

Tarehe 1 Machi

Dada,

Vifaru ni vya aina nyingi. Hicho chako ni mchezo wa kuchezea, kimetengenezwa na watu waliokiona kwenye picha. Mambo mengine ya jeshi ni siri na sitayaandika kwenye barua inayopita mikononi mwa watu. Sikutegemea nihojiwe na dada yangu kama mwizi wa kuku.

Aprili sitaweza kuja. Kazi imezidi.

Komando (Mstaafu)

*

Tarehe 12 Machi

Komando (Mstaafu),

Nimepokea. Umenuna, na ukinuna unaandika herufi kubwa kubwa kama zamani. Sitakuuliza tena mambo ya kiti. Tuyaache.

Baba alilala kitandani siku tatu. Siku ya nne kaamka, kadai uji, kisha kadai kifaru. Nikakipeleka chumbani juu ya sinia. Rangi nimeshapaka, ile ya kijani kibichi iliyopauka, mikono mitatu myembamba, na kati ya mkono na mkono nasugua kwa msasa laini. Ungekiona! Na vidole vyangu havina alama hata moja ya rangi. Nimepata mkono, mdogo wangu. Jirani kasikia najenga kifaru, kaja mbio kuuliza pembe iko wapi. Nikamwonyesha mtutu. Akatikisa kichwa akasema hajawahi kuona kifaru mwenye pembe nyembamba hivyo.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye picha ya boksi, nyuma ya mnara kuna turubai lililoviringishwa, la kukifunika mvua ikinyesha. Kwenye boksi wametia kidude cha plastiki kilichochongwa mfano wa kitambaa. Baba akakipapasa kwa vidole viwili, akakitupa sakafuni. "Hiki si kitambaa," akasema, "hiki ni kiazi." Ameniamuru nishone turubai la kweli. Amesema hatakaa na kiazi nyumba moja.

Kushona nitashona, lakini sijui turubai la kifaru lina sura gani, wala linafungwaje. Nimekuchorea kifaru kizima kwa ukubwa wake, pamoja na vipimo. Ukijua, niambie. Usipojua, niambie hujui, sitakuuma. Usiponijibu nitabuni, nitaliwekea marinda kama gauni.

Dada yako,
Fundi

*

Tarehe 19 Machi

Dada,

Usibuni! Marinda tena! Maji yatakaa ndani ya marinda, turubai litaoza kwa msimu mmoja.

Sikiliza. Turubai la kifaru si mraba. Nyuma ni pana, mbele linapungua, kwa sababu linapita juu ya mtutu, na pale mtutu unapotoka unakata mpasuko na kuuwekea kiraka pande mbili, ndani na nje, la sivyo linachanika hapohapo kila mara. Pindo linakunjwa mara mbili, mishono mistari miwili. Uzi unaupitisha kwenye nta ya mishumaa kwanza, usinywe maji. Matundu ya kamba ni ishirini na manne, yana pete za chuma, na kona zote nne zinatiwa ngozi chini ya pete. Kamba zifunge fundo la kuvuta mara moja, kwa sababu likitolewa kwa haraka mtu hana muda wa kubembeleza fundo. Kuliviringisha, unaanza upande mwembamba, upande uliolowa unakaa nje. Linafungwa kwa mikanda mitatu, si miwili. Ukifunga miwili katikati linatoa tumbo, na sajenti anakufumulia lote mbele ya watu.

Nimeandika ukurasa mzima bila kunyanyua kalamu. Sasa nimeusoma, na wewe utakuwa umeshajua. Hiyo ndiyo kazi yangu, Dada. Hiyo tu.

Siku nilipojiandikisha kulikuwa na fomu, wanauliza kazi ya mzazi. Nikaandika ukweli, fundi cherehani. Sajenti akaisoma, akaniuliza kama najua kushona. Nikasema hapana, kwa sauti. Akavua shati lake lililochanika kwapa, akanirushia na sindano. Nilikusudia kuliharibu, haki ya Mungu. Mkono ukaenda wenyewe. Kesho yake nikapelekwa karakana ya maturubai, na sikutoka mle miaka ishirini na miwili. Kifaru nimepanda mara moja, siku ya picha, dereva mwenyewe alikuwa chini ananichekea.

Na hii gereji si gereji. Nashona maturubai ya malori na viti vyake. Watu wanakuja kutoka mbali. Nina cherehani tatu.

Ningerudije nyumbani? Nilisema neno lile mbele ya wateja wake, nikaenda kukaa maisha yangu yote kwenye kiti kilekile nilichokitemea mate. Siku ya Mama nilikaa saa nne kwa sababu saa ya tano Baba alianza kuniuliza habari za injini. Naona aibu, Dada. Naona aibu hadi leo, na mvi zote hizi.

Ndani ya bahasha kuna turubai. Nimelishona kwa mkono, kwa vipimo vya picha uliyonichorea. Pete ni za waya wa shaba, zote ishirini na nne. Lifunge kwenye kifaru, mwambie Baba umeshona wewe. Usimwambie mengine. Aamini alivyoamini, moyo wake usije ukashtuka kwa ajili yangu.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Leo hujajiita Komando, nimeona. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia, ya pili nililia, ya tatu nikafika kwenye tumbo la turubai na sajenti, nikacheka hadi Baba akagonga ukuta. Mjinga wewe. Cherehani tatu! Na mimi hapa nagombana na mbili, moja mbovu.

Sikiliza yaliyotokea, kwa utaratibu. Nilifunga turubai kama ulivyosema, mikanda mitatu, fundo la kuvuta mara moja. Nikakiweka kifaru juu ya meza ya kukatia, kwenye mwanga wa dirisha. Kimesimama, mdogo wangu. Mnara unazunguka, mtutu unapanda na kushuka, magurudumu yote chini. Mia mbili na kumi na vinne, hakikubaki kipande isipokuwa kile kiazi. Nimekijenga mimi, ambaye nilianza kwa kutupa namba zote. Nitalisema hilo hadi nife.

Nikamleta Baba kwenye kiti chake. Akashika kioo cha kukuzia. Nilijiandaa: nilijua ataanza na mnara, aulize kiti, aulize usukani, na nilikuwa na majibu yangu tayari mdomoni. Hakuuliza. Mtutu akaupita. Magurudumu akayapita. Akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye turubai, akainama hadi pua ikakaribia kugusa. Akafungua fundo. Akalikunjua juu ya goti lake, akaanza kufuata pindo kwa ukucha, taratibu, midomo inacheza. Nikajua anahesabu.

Alizunguka kona zote nne. Mteja aliingia, akakaa, akasubiri, hakuna aliyemjali. Mwisho Baba akauliza, "Nani kashona hili?"

Uliniambia niseme mimi. Nilifungua mdomo, na Baba akaninyooshea kidole kabla neno halijatoka. "Wewe mkono wako naujua," akasema. "Wewe una haraka." Kwa hiyo uongo wako sikupata hata nafasi ya kuutumia, na ukweli wako sikuutoa. Baba akalilaza turubai vizuri gotini kwa kiganja. Halafu akatazama ukutani kwenye picha yako, akacheka peke yake kwa pumzi. Moyo haukushtuka. Alidai chai, na kwa mara ya kwanza mwezi huu akaimaliza.

Kisha akaomba kalamu. Unajua Baba na kalamu. Katumia nusu saa kwa karatasi moja, kaikunja mwenyewe, kaniambia niitie kwenye bahasha na nisiifungue. Sijaifungua. Nimeiinua tu kidogo kwenye mwanga wa dirisha, wino hauonekani.

Dada yako,
Fundi

*

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Nilitaka unionyeshe ulipokuwa umekaa. Nimepaona.

Nimehesabu pindo lote. Saba mbele, mmoja nyuma. Pete zako ni nzuri kuliko zangu. Ila kona ya kushoto umeshona nane, ukasahau kurudi. Hilo halitengenezwi kwa barua.

Cherehani ile mbovu nimemwambia dada yako aitie mafuta, nawe utaitazama. Mkasi ulioutupa mezani uko palepale mahali pake, naunoa kila mwezi.

Njoo ufumue kona yako.

Baba